Siku Mama Lusekelo Alipoimba Peke Yake

Ijumaa jioni. Mvua imekata, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya jirani, na mimi nimekaa mlangoni mwa studio na kikombe cha chai, nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Acha niiweke hapa.

Wimbo umekamilika. Umeondoka na wenyewe.

Kama ni mara yako ya kwanza kufika kwenye ukurasa huu: naitwa Atupele, narekodi muziki katika chumba kimoja nilichopanga kata ya Bagamoyo, hapa hapa mjini Tukuyu, nyuma ya kibanda cha dada Witness, fundi cherehani. Wateja wangu wengi ni kwaya za makanisani, na vijana ambao huniandikia kila wiki kuuliza wanunue maiki gani ili sauti zao zitoke kama za Dar. Vijana wangu, swali lenu nimelisoma. Leo nalijibu kwa kuzunguka kidogo, maana jibu lenyewe lilikuja jana asubuhi kutoka Suma, limepakiwa mshikaki kwenye bodaboda, wawili nyuma ya dereva, limelowa chapachapa.

Walikuwa mume na mke wa makamo, Baba Lusekelo na Mama Lusekelo. Wana shamba dogo la chai na migomba, na wote wawili ni wanakwaya. Binti yao wa kwanza, Lusekelo mwenyewe, anaagwa kesho, halafu anaolewa na kuhamia Geita. Walitaka kumpa wimbo kama zawadi. Wala si wimbo mpya. Ni ule waliokuwa wakimwimbia jikoni alipokuwa mdogo, jioni, ndizi zikiwa motoni. Maneno alitunga baba. Binti hajui lolote kuhusu mpango huu.

Mama alinieleza taratibu huku akikamua maji kwenye kitenge chake. "Huko Geita atapata kila kitu, mwanangu. Ila sisi hatatupata. Basi tuweke kwenye simu yake."

Hapo hapo nikaipenda kazi.

Tatizo la kwanza lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Watu wakiingia hapa hushangaa mbona sijabandika trei za mayai ukutani kama walivyoona kwenye video. Trei za mayai ni urembo tu, ndugu zangu. Kinachotuliza chumba ni vitu vizito: godoro kuukuu nililolisimamisha nyuma ya mwimbaji, mablanketi ya baridi ya huku kwetu dirishani na mlangoni, na zulia chini. Kwa vitu hivyo vyote, cherehani ya dada Witness haisikiki kabisa kwenye maiki. Lakini mvua ya Tukuyu juu ya bati haina blanketi. Ikinyesha, unafunga kompyuta unachemsha chai.

Tukanywa chai.

Zamani nilikuwa nanuna mvua ikinikatishia kazi. Siku hizi naitumia. Nawaambia waimbaji waimbe tu hivyo hivyo, bila maiki, nami nakaa pembeni nasikiliza nani anaanza, nani anachelewa, nani anapumua wapi. Muda huo una faida kuliko mashine yoyote niliyonayo. Jana, mvua ikiwa inapiga, niliona jambo moja. Baba huimba akiangalia dari. Mama huimba akimwangalia baba, mdomo wake kabisa, ili ajue aingie wapi.

Niliona. Kisha nikasahau nilichokiona.

Kwa sababu mvua ilipopungua nikafanya ninavyofanya siku zote. Nikawatenganisha. Aanze baba peke yake na gitaa lake, halafu mama aingie na kuimba sauti ya pili huku akimsikia mumewe kwenye hedifoni. Ndivyo nilivyozoea, na ndivyo wengi wenu mnavyofanya: kila mtu kwa zamu yake, kompyuta itawaunganisha.

Baba ana sauti, nisiseme uongo. Ni sauti ya mtu aliyezoea kuitana na wenzake kutoka bonde hadi bonde. Nilimsimamisha shubiri moja kutoka kwenye maiki, taa ya kupima sauti ikawa nyekundu neno la kwanza tu. Nikamrudisha nyuma. Taa ikawa ya kijani kwa mstari mmoja, kisha yeye mwenyewe akaanza kusogea mbele, taratibu, kama mtu anayesogelea moto, na taa ikawa nyekundu tena. Nikapunguza kiwango cha kurekodi. Hapo ndipo wengi hukosea: wanajaza sauti hadi juu wakidhani ndiyo nguvu. Acheni nafasi. Sauti iliyorekodiwa chini kidogo unaweza kuipandisha, lakini iliyopasuka imepasuka.

Baba akamaliza, akafurahi. Ikawa zamu ya mama.

Mama akavaa hedifoni, akaikazia maiki macho, na sauti ikatoka ndogo kama ya mtu anayeongea msibani. Nikamwomba apaze. Akajitahidi, akapoteza mahali pa kuingia. Tukarudia. Tukarudia tena. Nikadhani tatizo ni aibu, nikamwambia asihofu, nitampandisha baadaye kwenye kompyuta.

Hili nalikiri bila kujitetea, maana ni la jana tu: huo ulikuwa uvivu. Nilipompandisha, vilipanda vyote vilivyokuwa pamoja naye. Pumzi yake, kitenge chake kilichokuwa kinasugua, pikipiki ya barabarani, hadi sauti ya mumewe iliyokuwa inavuja kutoka kwenye hedifoni. Yeye mwenyewe akabaki mbali vile vile. Kile ambacho hakikuingia kwenye maiki, kompyuta haiwezi kukizaa.

Nikajaribu njia ya pili, kumshusha baba. Naye alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye stuli, anasikiliza kwenye spika.

"Mbona mimi umenipunguza?" akauliza.

"Ili mama asikike, baba."

"Mama anasikika. Nirudishe."

Nikamrudisha kidogo. Akasema bado. Nikamrudisha tena. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na kusema maneno ambayo naamini hakuyapima. "Huu wimbo ni wangu, binti. Yeye ananiitikia tu."

Mama alikuwa bado amesimama mbele ya maiki. Akavua hedifoni, akaziweka juu ya meza kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai.

"Basi uimbe," akasema. "Mimi nitakuitikia kesho kutwa ukumbini, chini chini, kama siku zote."

Akatoka.

Sikugeuka kumtazama baba. Nilijifanya natafuta faili. Chumba kilichotulizwa kwa godoro na mablanketi kina ubaya wake: mtu akikasirika ndani yake, hakuna sauti yoyote ya nje ya kukuokoa. Baba akajikohoza. Akasema wanawake wa siku hizi. Kisha akasema mwenyewe, polepole, kwamba mke wake hajawahi kutoka nje hivyo, hata kanisani mwalimu wa kwaya anapomsema. Kisha akawa anazungusha ufunguo wa nyuzi za gitaa ambao haukuhitaji kuzungushwa.

Niliogopa. Siyo kwa ajili ya kazi. Niliogopa kwamba wangerudi Suma kwa bodaboda mbili tofauti, na binti yao angeagwa na wazazi wasiosemeshana, na chanzo kingekuwa kile kitufe nilichokuwa nakipandisha na kukishusha.

Nikamfuata mama. Nilimkuta kwa dada Witness, amekaa kwenye kiti cha wateja, anamshikia upande wa gauni refu lililokuwa linashonwa. Na alikuwa anaimba. Wimbo ule ule. Cherehani inanguruma, yeye anaimba, wala hajui kama anaimba, na kila neno nililisikia kuanzia mlangoni.

Sikumwambia kitu kuhusu mumewe. Nilimwambia maiki ina shida, naomba anisaidie kuijaribu, aimbe kidogo tu, bila hedifoni, bila gitaa. Kwa kweli haikuwa na shida yoyote. Dada Witness akanitupia jicho, akaupokea ule upande wa gauni, akasema, "Nenda mama, hili nitalimalizia."

Ndani, nilimpa baba hedifoni avae. Lengo langu lilikuwa dogo sana: nilitaka tu anyamaze.

Mama akasimama mahali pake, akafumba macho, akaimba kama alivyokuwa akiimba kwenye cherehani. Sauti haikuwa ndogo hata kidogo. Ilikuwa ya chini, nzito kidogo, na ina mkwaruzo mtamu mwishoni mwa maneno. Alipofika katikati, pale ambapo baba hulivuta jina la Lusekelo mpaka pumzi imwishie, nikasikia kitu ambacho hakikuwamo kwenye yote tuliyorekodi asubuhi. Chini ya lile jina mama ana wimbo wake mwingine mdogo, maneno ya Kinyakyusa, gona, gona, lala mwanangu, unapanda na kushuka kama mtu anayebembeleza mtoto mgongoni.

Nilikuwa nimebonyeza kurekodi. Huwa nabonyeza hata kwa majaribio. Hii ishikeni hata kama mtasahau mengine yote: rekodi majaribio, maana mtu huimba vizuri zaidi pale anapodhani haihesabiki.

Alipomaliza, baba alikuwa bado ameshika hedifoni kwa mikono miwili, kazikandamiza masikioni.

"Hapa katikati," akasema. "Hapa kwenye gona, gona. Huwa unaimba hivyo?"

"Siku zote."

"Sijawahi kuisikia."

"Utaisikiaje, Baba Lusekelo, na wewe uko juu yake?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama unavyomwambia mtu kuwa shati lake limegeuzwa. Baba akavua hedifoni, akazitazama, akazivaa tena, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasikiliza hadi mwisho na kichwa kimeinama. Kisha akasimama, akachukua gitaa, akaniuliza swali ambalo prodyuza anaweza kukaa miaka bila kuulizwa na mwimbaji.

"Mimi nisimame wapi?"

Hapo nikakumbuka nilichokiona wakati wa mvua. Nikatupa mpango wangu wote. Nikaweka maiki moja katikati ya chumba, nikamsimamisha mama karibu nayo, na baba mbele yake, wanaangaliana, mama aweze kuuona mdomo wa mumewe. Kisha tukaanza kuwapanga kwa miguu badala ya vitufe. Baba nyuma hatua moja, sikiliza. Nyuma tena, sikiliza. Mwisho wake mgongo wa baba uligusa blanketi la mlangoni na sauti zao zikakaa sawasawa kama vikombe kwenye sinia. Ukiwa na sauti kubwa na sauti ndogo, usikimbilie kompyuta. Tembeza watu.

Mara ya kwanza walicheka katikati. Mara ya pili baba alisahau ubeti wa pili, kwa sababu alipofika kwenye jina la Lusekelo alilikatisha mapema, akasubiri, akamwachia mama nafasi, na akabaki anamsikiliza. Mara ya tatu ndiyo iliyotoka kesho ukumbini. Au tuseme itakayotoka. Nimechoka, nyakati zinachanganyika.

Leo asubuhi nikaanza kumiksi, masikio yakiwa mapya. Siku ya kurekodi usimiksi, masikio yanakuwa yamelewa.

Na nikaanza kuharibu. Naandika hili ili nijione. Nilikata pumzi zote za mama, ikawa inakera jinsi alivyokuwa hapumui. Nikaongeza mwangwi mkubwa, wakasikika kama wamesimama kwenye jengo ambalo hawajawahi kuingia. Kisha nikafika mahali wote wawili wanapomtakia binti yao safari njema, nao, kama wazee wengi wa kwetu, wanasema "safali". Nikapata wazo la kuwapigia warudi waimbe upya mstari huo.

Nikasimama nikajiuliza: Lusekelo alikua akisikia nini jikoni? Alisikia safali. Siku akiwa Geita, amechoka, akafungua simu, ataitafuta hiyo safali, siyo ile ya kwenye kamusi.

Nikafuta nilichofanya, nikaanza upya kwa mkono mwepesi. Nikakata mngurumo wa chini usio na kazi kwenye gitaa ili sauti ya mama ipate mahali pa kukaa. Pumzi nikazirudisha. Mwangwi nikaacha mdogo tu, wa ukubwa wa jiko. Nikasikiliza kwa sauti ya chini, maana spika ikipiga kwa nguvu kila kitu kinaonekana kizuri, hata makosa. Halafu nikaupeleka wimbo kwenye simu yangu ya zamani, nikaiweka kwenye meza ya dada Witness na kumwomba aendelee kushona. Kama mama atasikika kwenye simu mbovu mbele ya cherehani inayonguruma, atasikika ukumbini mbele ya wajomba.

Dada Witness alishona pindo zima. Wimbo ulipofika kwenye gona, gona, mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. "Huyu ndiye yule mama wa jana?" akaniuliza.

Nikajua nimemaliza.

Walikuja kuuchukua baada ya chakula cha mchana, wameniletea mkungu wa ndizi mkubwa kuliko meza yangu. Nikawapigia wimbo kwenye spika. Mama alisikiliza amefunika mdomo kwa mkono. Baba alisikiliza amesimama.

"Mpandishe mama kidogo," akasema ulipoisha.

"Baba, mama yuko sawa na wewe kabisa."

"Mpandishe."

Nikampandisha kidogo. Akasema bado. Mama akageuka kumtazama.

"Inatosha, Baba Lusekelo. Sasa wewe husikiki. Unataka mtoto adhani nililea peke yangu?"

Tukacheka wote watatu, nikamrudisha mama alipokuwa, nikaweka wimbo kwenye flashi na kwenye simu ya mama, na nakala nyingine nikabaki nayo. Wakaniaga. "Ndaga fijo," mama akanishukuru kwa Kinyakyusa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Wakaniambia kesho nisikose.

Haikupita muda baba akarudi peke yake. Akasema amesahau mwamvuli. Mwamvuli ulikuwa mkononi mwake.

Akavuta blanketi la mlangoni nyuma yake. "Ile ya jana," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Ile ya kujaribu maiki. Mama peke yake. Uliifuta?"

"Sijaifuta, baba."

"Niwekee kwenye simu yangu. Usimwambie. Atanicheka mpaka Krismasi."

Nikamwekea. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akatoka ameibana simu sikioni kama mtu anayepokea habari za mbali, mwamvuli umefungwa, manyunyu yanamwangukia begani. Kule barabarani mama alikuwa ameshapanda bodaboda, anamwita.

"Baba Lusekelo! Twende, mvua hiyo!"

Hakusikia. Mama akaita tena, kwa ile sauti yenyewe, nzito, yenye mkwaruzo mwishoni. Baba akashtuka, akahangaika na vitufe, na nikamwona anamzima mkewe ili amsikie mkewe.

Nimecheka peke yangu hapa mlangoni hadi dada Witness akauliza kuna nini.

Jumatatu inakuja kwaya ya vijana kutoka Isongole. Kiongozi wao ameshanipigia mara nyingi kuniambia yeye ndiye mwenye sauti. Sina ubishi naye. Ila nimeshaamua nitakayemweka kwenye maiki kwanza: yule atakayekuwa amesimama nyuma kabisa.